Afya ya raia wa Congo: safari ndefu kutoka Kasongo mpaka makambi ya Goma

Huku mashariki mwa Congo, mtu akiuliza vita vimeua watu kwa njia gani, jibu la kwanza ni risasi na bomu. Lakini mama aliyezika mtoto wake kambini mara nyingi anasimulia mambo mengine: maji machafu, kuhara kwa siku mbili, kituo cha afya kilichofungwa, barabara isiyopitika, makuta yaliyokosekana. Historia ya nchi inakubaliana naye. Kwa zaidi ya miaka 100, afya ya raia wa Congo imepanda na kushuka kufuatana na vitu vidogo: muuguzi aliye karibu, dawa iliyo mkononi mwake, maji safi, chanjo, njia ya kufika hospitali, na imani ya watu kwa wale wanaowatunza. Vitu hivyo vikishikana, watu wanapona hata kama nchi ni maskini. Vikikatika, watu wanakufa kimya kimya, na majina yao hayaingii katika habari za vita.

Mji mmoja wa Maniema unaonyesha vizuri safari hiyo. Ni Kasongo, mji wa zamani wa wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa wakati wa Tippu Tip, ulioangukia mikononi mwa jeshi la mfalme Leopold II mwaka 1893.

Malale na sindano ya nguvu

Tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1905, daktari mmoja kijana kutoka Uingereza alifia Kasongo. Jina lake Joseph Everett Dutton. Yeye na mwenzake John Todd walikuwa wametumwa Congo tangu mwaka 1903 na shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, kwa mwaliko wa Leopold, kuchunguza malale. Wakiwa njiani walichunguza pia homa ya papasi, na wakaonyesha kwamba papasi ndiye anayeipeleka kwa mtu. Homa hiyo hiyo ndiyo iliyomuua Dutton.

Malale ilikuwepo Congo kitambo, lakini haikuwa imewahi kuua kwa kiasi kile. Kilichoipa nguvu ni maisha yaliyovurugika. Watu walilazimishwa kutafuta mpira porini, wengine walichukuliwa kubeba mizigo au kupiga kasia, vijiji vilichomwa, mashamba yakaachwa. Mtu mwenye njaa na uchovu hukaa muda mrefu porini na kando ya mito, mahali penye mbung'o. Na meli na misafara mipya ya wakoloni ilibeba wagonjwa mpaka sehemu ambazo ugonjwa haukuwa umefika. Hilo lilikuwa somo la kwanza: kuhamisha watu kwa nguvu ni kuhamisha pia ugonjwa.

Baada ya Ubelgiji kuchukua Congo mwaka 1908, serikali ya koloni ilipambana na malale kwa amri. Watu waliokuwa wakisafiri walitakiwa kuwa na hati ya daktari. Waliokutwa na ugonjwa walitengwa katika nyumba za wagonjwa zilizofanana na gereza, na wengi walitoroka. Dawa ya kwanza, Atoxyl, ilitengenezwa kwa sumu ya aseniki na iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa. Vikosi vya waganga vilizunguka kijiji kwa kijiji. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na wengine wakachomwa sindano ya uti wa mgongo. Asiyekuja aliweza kuadhibiwa.

Lakini kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1930 wagonjwa wapya zaidi ya 33,000 waligunduliwa Congo. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, walibaki kama 1,200 tu. Mambo hayo mawili yanapaswa kukumbukwa pamoja: ugonjwa ulirudishwa nyuma kweli, na watu walibaki na kumbukumbu ya daktari anayekuja na askari. Kumbukumbu ya namna hiyo wazee huwarithisha wajukuu.

Uhuru bila daktari hata mmoja

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, Congo ilipata uhuru. Siku hiyo hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya daktari. Ubelgiji ulikuwa umefundisha wauguzi wengi, na tangu mwaka 1936 shule ya Léopoldville ilifundisha wasaidizi wa madaktari. Hao walijua kutibu, wengine walijua hata kupasua, lakini juu yao daima alikuwepo Mzungu.

Siku chache baada ya uhuru, jeshi liliasi, na madaktari wengi Wabelgiji wakakimbia. Hospitali zikabaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi hao. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa nchi nyingine, na wasaidizi zaidi ya 100 walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari. Walioshika hospitali za vijijini siku hizo za machafuko hawakuandikwa sana katika vitabu. Bila wao, miaka ya uasi wa Mulele na Simba ingeua wengi zaidi.

Ushindi mkubwa wa kwanza baada ya uhuru ulikuwa juu ya ndui. Kampeni ya kuifuta ilianza Congo mwaka 1968. Nchi ilikuwa kubwa, barabara zilikuwa mbovu, na wengi walifikiri Congo ingekuwa ya mwisho Afrika. Timu za Wakongomani zilikwenda kwa gari, kwa mtumbwi, kwa baiskeli na kwa miguu, na mwaka 1971 mgonjwa wa mwisho akapatikana. Miaka kumi na moja tu baada ya nchi kukosa hata daktari mmoja, raia wake walifuta ugonjwa uliokuwa umeua mababu zao.

Mwaka 1970, wakati ndui ikikaribia kuisha, mtoto mmoja wa Basankusu, jimbo la Équateur, alikutwa na vipele vilivyofanana na ndui. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni ugonjwa mwingine, ule unaoitwa leo mpox. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kutambuliwa kuwa na ugonjwa huo.

Kasongo inafundisha dunia

Katika miaka ya 1970, Kasongo ilirudi katika historia ya afya, safari hii kwa jambo jema. Timu ya madaktari wa Zaire na wa Ubelgiji, ikishirikiana na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen, ilianza kujaribu mpango mpya. Swali lao lilikuwa jepesi: je, hospitali moja yenye madaktari wachache inaweza kutunza watu wa vijiji vyote vilivyo mbali?

Jibu lao lilikuwa kituo cha afya. Kila sehemu ipate kituo chake, kiongozwe na muuguzi aliyefundishwa vizuri, mwenye dawa chache za lazima. Muuguzi huyo awatibu wagonjwa, awapime wajawazito, awachanje watoto, na amjue kila mgonjwa kwa fishi yake. Anayemshinda apelekwe hospitali, na hospitali imrudishe kwake akipona. Wakaaji nao wawe na neno katika uongozi wa kituo. Hospitali haikukaa kungojea wagonjwa waliochelewa. Ilisimama nyuma ya vituo kama mama nyuma ya watoto wake.

Sehemu nyingine za Zaire zilikuwa zikijaribu mambo yanayofanana. Huko Bwamanda, hospitali ilianzisha mwaka 1986 mfuko ambao familia zilichangia kidogo kila mwaka, ili mmoja akiugua asishindwe kulipa hospitali. Mwaka 1978, nchi za dunia zilikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie karibu na makao ya watu. Zaire ilikuwa tayari na mifano. Tangu mwaka 1981 mpango wa afya vijijini ulioitwa SANRU, uliobebwa na Kanisa la Kristo, ulisaidia kueneza kazi hiyo. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo zoni hizo zimepita 500.

Zoni ya afya ambayo kila mkaaji wa Kivu au Ituri anaijua, yenye hospitali yake kuu, vituo vyake na daktari mkuu wa zoni, ilizaliwa katika majaribio hayo. Wataalamu wa nchi nyingine walikuja kujifunza Zaire. Jambo hilo linasahaulika kwa urahisi leo, wakati Congo inatajwa kwa magonjwa tu.

Mnyororo unakatika

Mwanzo wa miaka ya 1990 nyumba hiyo ilianza kubomoka. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu. Mwaka 1991 na 1993 askari wasiolipwa walipora miji, na maduka ya dawa na hospitali hazikupona. Pesa ilipoteza thamani. Wauguzi walifanya kazi bila mshahara, na mgonjwa ndiye aliyeanza kubeba mzigo wote: dawa, sindano, glavu, hata mafuta ya taa ya kuwashia usiku.

Malale ilitoa ushahidi. Timu za kuitafuta vijijini zilipunguzwa, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 waliandikwa Congo. Mbung'o hawakuwa wapya, na dawa zilikuwepo duniani. Kilichokosekana ni watu wa kwenda kutafuta wagonjwa.

Mwezi wa saba mwaka 1994, Goma ilipokea wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 kwa siku chache. Walikaa juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo ni vigumu kuchimba choo, kisima, hata kaburi. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kutibiwa. Kolera ilifuata, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Katika kambi, wataalamu huhesabu hali kuwa ya hatari mtu mmoja akifa kwa siku kati ya watu 10,000. Goma walikufa kati ya 20 na 35 kwa siku kati ya watu 10,000. Maji yaliyotibiwa yalipofika na wagonjwa wakapata maji ya chumvi na sukari, vifo vilipungua sana ndani ya majuma machache. Dawa kubwa ya Goma ilikuwa maji.

Miaka miwili baadaye vita viliingia Congo yenyewe. Tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 1996, hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Daktari mkuu wake, Denis Mukwege, hakuwepo siku hiyo. Baadaye alianzisha Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Tangu Lemera, watu wa mashariki walijua kwamba hata kitanda cha hospitali si mahali pa kukimbilia.

Hesabu ya waliokufa kimya

Kati ya mwaka 2000 na 2007, shirika la International Rescue Committee lilituma watu nyumba kwa nyumba kuuliza: ni nani amekufa hapa, na kwa nini? Walifanya uchunguzi mara tano. Mwishoni walikadiria kwamba tangu mwezi wa nane mwaka 1998 mpaka mwezi wa nne mwaka 2007, watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa kama kusingekuwa na vita. Hesabu hiyo imebishaniwa. Wataalamu wengine walisema kiwango cha vifo cha kabla ya vita kiliwekwa chini mno, na wengine walipata idadi ndogo sana kuliko hiyo.

Lakini katika uchunguzi huo jambo moja lilijirudia: wengi hawakufa kwa silaha. Katika uchunguzi wa mwisho, vifo vya kuuawa vilikuwa chini ya kimoja kati ya 100. Waliobaki walikufa kwa malaria, kuhara, kichomi, njaa, na matatizo ya kuzaliwa. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni magonjwa ambayo muuguzi wa kituo cha Kasongo wa miaka ya 1970 alijua kuyatibu. Vita viliua kwa kumfukuza muuguzi, kufunga barabara, na kumtoa mkulima shambani mpaka mtoto apate bwaki.

Wakati huo huo kulikuwa na watu waliokataa mnyororo ukatike kabisa. Mwaka 1999 kampeni ya chanjo ya polio ilifanyika katikati ya vita. Wapiganaji waliombwa wasimamishe mapigano ili watoto wachanjwe, na timu zikapita pande zote. Polio ya asili haijaonekana Congo tangu mwaka 2011, ingawa ile inayotokana na virusi vya chanjo imeendelea kusumbua pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Na katika nchi nzima, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 148 kwa kila watoto 1,000 katika uchunguzi wa mwaka 2007 mpaka 104 katika ule wa mwaka 2013 na 2014. Bado ni wengi mno, lakini ni watoto walioishi.

Ebola, surua na imani ya watu

Ebola ilijulikana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1976 huko Yambuku. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Sindano chache zilizotumiwa kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa vizuri zilisambaza virusi, na profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa kati ya madaktari wa kwanza kufika. Mpaka leo funzo la Yambuku linasimama: kituo kisicho na vifaa kinaweza kugeuka njia ya ugonjwa.

Mwezi wa nane mwaka 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, kisha ikaingia Ituri. Kabla ya kuisha mwezi wa sita mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Safari hii chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Lakini vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto, na mwezi wa nne mwaka 2019 daktari mmoja kutoka Cameroon aliuawa Butembo akiwa kazini. Wakaaji wa Beni walikuwa na maswali. Kwa miaka mingi walichinjwa usiku bila kuona msaada wa maana. Mbona sasa magari yanajaa kwa ajili ya ugonjwa mmoja? Na mbona uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, huku makanisa na masoko yakiwa wazi? Hofu hiyo haikutoka katika ujinga. Ilitoka katika historia iliyoanza na daktari aliyefuatana na askari. Kazi ilianza kwenda vizuri zaidi pale ambapo wauguzi wa mtaa, wachungaji, mashehe, viongozi wa vijana na watu waliopona walipewa nafasi ya kusema na majirani zao.

Miezi hiyo hiyo surua iliua watoto nchi nzima. Tangu mwaka 2019, zaidi ya watu 7,000 walikufa kwa surua, karibu wote watoto, mara tatu ya waliokufa kwa Ebola. Chanjo ya surua ipo tangu mwaka 1963. Ni ya bei ndogo, na mtoto wa Congo anatakiwa kuipata akiwa na miezi tisa. Serikali ilikuwa imeanzisha Mpango Mashako mwishoni mwa mwaka 2018, uliopewa jina la waziri wa zamani wa afya, ili kuongeza chanjo za kawaida. Lakini pale ambapo familia zimekimbia mara tatu kwa mwaka, friji ya chanjo haina umeme na fishi ya mtoto imeungua pamoja na nyumba, mpango wa Kinshasa hufika umechoka.

Mnyororo na wale waliokimbia

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022 kolera ilitangazwa katika zoni ya Nyiragongo, katika makambi ya waliokimbia Rutshuru. Mpox, ule ugonjwa wa Basankusu, uliwaka Kamituga mwaka 2023 na mwaka uliofuata ukaingia makambi ya pembeni ya Goma, mahali ambapo familia nzima inalala chini ya hema moja na sabuni ni mali. Mwanzo wa mwaka 2025, makambi hayo yalivunjwa wakati wa mapigano. Maelfu walibeba bidoni na watoto na kurudi kwenye vijiji ambavyo vituo vyake vingi vilikuwa vimeporwa au havina dawa.

Historia inaonyesha kwamba watu hao hawaombi jambo lisilowezekana. Malale, iliyopanda mpaka 26,000 mwaka 1998, katika miaka ya karibuni imeshuka chini ya wagonjwa 1,000 kwa mwaka, kwa sababu timu zilirudi vijijini. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kuna pia vidonge, fexinidazole, vilivyojaribiwa na madaktari wa Congo yenyewe. Sindano ya mishipa si lazima tena kwa wagonjwa wengi.

Zoni ya afya iliwekwa ili kila mtu aliye ndani ya mipaka yake ahesabiwe, awe mwenyeji au mkimbizi. Mtoto aliyepoteza fishi bado ana haki ya chanjo. Ni afadhali achanjwe mara mbili kuliko asichanjwe kabisa. Mama anayechota maji ya ziwa na kuyatia dawa, reko anayepita hema kwa hema kuuliza nani anahara, muuguzi anayefungua kituo asubuhi bila mshahara: hao ndio wanaoshika mnyororo ule ule uliofungwa Kasongo miaka 50 iliyopita. Wenye silaha na wenye madaraka wana deni moja kwao, la zamani na lisilo gumu kueleweka: waache barabara wazi, na waache kituo kisimame.